Ushuhuda wa Mteremko wa Kumi na Saba

Nakiete Mrutu alikuwa na miaka arobaini na miwili alipotumwa Ighambo kuchunguza kwa nini kijiji kilichoponya ardhi yake kilikuwa kimeishiwa maji. Barua iliyomtuma ilimsifu. Ilisema hakuna mtafiti mwingine katika Taasisi aliyeijua milima ile kama yeye, maana ndiye aliyeitembea pamoja na mwenyeji miaka kumi na minane iliyopita, Mshauri, mashine ya kuwaelekeza wakulima, alipokuwa bado anafundishwa. Aliisoma mara mbili, akaomba likizo ya ugonjwa. Ikakataliwa.

Gari la Taasisi lilimshusha chini ya kijiji saa tatu asubuhi, likageuka lenyewe bila dereva kurudi Same. Akapanda kwa miguu. Mara ya mwisho alipopita pale, kilima kizima kilikuwa makorongo mekundu yenye kina cha kummeza ng'ombe. Sasa palikuwa msitu. Mikwambala ilisimama safu kwa safu, kijani hata katika mwezi wa tisa, na chini yake majani yaliyooza yalikuwa laini yakikanyagwa. Mgeni yeyote angesema nchi imefufuka.

Alipofika kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo Wapare wa zamani walilijenga kukusanyia maji ya chemchemi kwa ajili ya mashamba, aliwakuta wanawake wawili wamechuchumaa ndani yake. Walikuwa wanakwangua tope kwa makopo na kulikamua kwenye kitambaa. Aliwasalimu. Walimwitikia bila kuinua vichwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Senzia, alimpokea ofisini, chumba kimoja chenye bati jipya. Ukutani kulikuwa na kisanduku cha Mshauri, cheupe, cha ukubwa wa redio, kama kilivyokuwa katika kila kijiji cha nyanda kame. Kwa miaka saba watu wa Ighambo walikuwa wamekiuliza kisanduku kile wapande nini na wapi, nacho kikawajibu kwa Kiswahili na kwa Kipare. Aliyepanda alivyoshauriwa, Mfuko wa Ardhi ulimpa miche, unga wa miezi ya kiangazi na karo ya watoto. Deni lake halikulipwa kwa fedha. Lilipungua kadiri ardhi yake ilivyopona, na ardhi ikipona ilionekana kutoka angani na kusikika kwenye nyuzi nyembamba za kupimia unyevu, zilizofukiwa chini ya kila shamba. Ighambo walikuwa wamebakiza robo tu ya deni lao lote. Walikuwa wakitolewa mfano kwenye mikutano ya wilaya.

Senzia alieleza yote kwa utulivu. Mwaka wa nne tangu kupanda, chemchemi ilianza kupungua. Walimuuliza Mshauri, naye akakiri kwamba nyuzi zake zinaona maji yakishuka, lakini akawashauri waendelee, kwa kuwa ushuhuda wa mwenyeji ulikuwa na nguvu kuliko vipimo vya miaka minne. Walimsihi awasomee huo ushuhuda. Akausoma. Tangu siku hiyo kijiji kizima kiliujua kwa moyo.

"Mkwambala ni mti wa adabu," Senzia alisema, akitazama dirishani. "Ukikaa juu ya chemchemi hunywa kwa kijiko, hauinami na mdomo. Hayo ni maneno ya Bibi Niendiwe, mteremko wa kumi na saba. Tumepanda mikwambala elfu tisa juu ya chemchemi kwa maneno hayo."

Nakiete alisema anayafahamu.

"Hatumlaumu sana. Ni mzee. Huenda hata wakati ule kichwa kilikuwa kimeanza kumsumbua, wala wewe usingejua." Senzia akamsogezea kompyuta yake bapa ya kazi, ambayo tayari ilikuwa imefungua fomu ya Taasisi. Sehemu ya chini ilikuwa inasubiri neno moja na sahihi. Chanzo cha kosa. Mtu fulani makao makuu alikuwa ameshaandika: shahidi.

*

Kanuni ile ya kuupa ushuhuda nguvu kuliko vipimo haikuwa ya kijinga, na aliyeitunga hakuwa mjinga. Katika miaka ya mwanzo mashine zilizoshauri wakulima zilitegemea vipimo tu, na vipimo havikuwa na umri. Zilipanda msitu mahali ambapo kila miaka ishirini hupita mafuriko, kwa sababu hakuna chombo kilichokuwepo mara ya mwisho mafuriko yalipopita. Lakini watu walikuwepo. Daktari Mchomvu, aliyekuwa mwalimu wa Nakiete, alipigana miaka sita hadi Taasisi ikakubali kwamba mtu aliyeishi juu ya ardhi miaka arobaini ni chombo cha kupimia chenye miaka arobaini, na asishindwe na uzi uliofukiwa juzi. Wakatumwa wasikilizaji, vijana waliotoka chuo, kila mmoja kwa mwenyeji wake, watembee naye mteremko kwa mteremko na kuandika alichosema. Sauti zilizorekodiwa zilifutwa baada ya kunakiliwa. Wenyeji ndio waliotaka hivyo, wakihofia wafanyabiashara wa dawa wasije wakaiba ujuzi wao. Kilichobaki ni maandishi ya msikilizaji.

Nakiete alipewa Niendiwe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu wakati huo, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Hakuwa mganga wala mtu wa kuheshimiwa kijijini. Alikuwa mchoma mkaa. Aliijua miti kwa kuwa aliikata, na aliijua mizizi kwa kuwa miti ilipokwisha alirudi kuchimbua visiki. Aliweza kusema mti gani ulikwenda chini kutafuta maji na upi ulitawanyika juu juu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameufuata kwa jembe. Miteremko ilikuwa ishirini na tisa. Walitembea kumi na sita.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, viatu vya Nakiete vikaachia, goti likavimba. Niendiwe alimwambia apumzike siku mbili, kisha wamalizie. Nakiete akateremka Same akanunue viatu. Kule alioga maji ya moto, akalala kwenye kitanda chenye shuka. Asubuhi aliona hana haja ya kupanda tena. Alikwisha kumzoea yule mama, alijua angesema nini. Alikaa siku nne kwenye chumba cha nyumba ya wageni akaiandika miteremko kumi na mitatu iliyobaki, kwa sauti ya Niendiwe, mteremko mmoja baada ya mwingine, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyofurahia uhodari wake. Mti wa adabu. Kunywa kwa kijiko. Aliyaandika akitabasamu.

Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote yaliyokusanywa mwaka ule. Mchomvu aliyasoma mbele ya wafadhili. Yalichapishwa kwenye kalenda ya Taasisi. Maabara ya mimea ikauchukua mkwambala, mti wa porini usiothaminiwa na mtu, ikauzalisha upya hadi mizizi yake ikaweza kushuka mita kumi na tano kwa misimu miwili. Nakiete akapandishwa cheo. Kwa miaka kadhaa alijiambia kwamba huenda ilikuwa kweli. Baadaye aliacha kujiambia lolote.

*

Niendiwe alikuwa akiishi nyumbani kwa mkwe wake, Elirehema, mjane wa mwanawe wa kwanza. Nakiete alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Vidole vyake vilikuwa bado vyepesi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alimtambua papo hapo. Aliuliza kama goti lake lilipona. Aliuliza kama vile viatu vya bluu alivyovinunua vilimfaa, kwa maana mara ile aliletewa salamu kwamba msichana amenunua viatu vya bluu na hatarudi tena, kazi imetosha. Nakiete akasema vilimfaa. Hakuweza kukumbuka kabisa kama vilikuwa vya bluu.

Elirehema alitoka jikoni na uji. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye macho ya kuchoka, na alimkaribisha mgeni kwa adabu isiyo na joto. Niendiwe alionja uji wake, akasita, akamuuliza mkwe wake kwa sauti ya chini kama uji ulikuwa na sukari. Elirehema akamjibu kuwa unayo, Mama. Bibi akaitikia kwa kichwa, akanywa.

Nakiete alikuwa amejiandaa kuuliza maswali ya kitaalamu, yale yaliyokuwa kwenye fomu, lakini Niendiwe aliweka ungo chini na kumgeukia.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Niliwaambia watakapomleta yule binti nitamwomba radhi. Ulinifuata juani siku zote zile, ukaniamini, nami nikakupa neno bovu. Sijui nililitoa wapi. Najaribu kulikumbuka, silioni. Lakini liko kwenye mashine, wamenisomea, na mashine haina sababu ya kunisingizia. Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Kuku walikuwa wamelala kwenye kivuli cha pipa tupu. Badala yake alinyoosha mkono, akaushika mkono wa yule bibi, akaupapasa.

"Usijali, Bibi," alisema. "Yamepita."

Niendiwe alimshukuru. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye maharage yake. Nakiete alimaliza uji hadi chini kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

*

Saa nane mchana alimpigia Daktari Mchomvu kutoka nyuma ya ofisi ya kijiji. Mwalimu wake alikuwa amestaafu, lakini bado alikaa kwenye baraza la Taasisi. Nakiete alimweleza kila kitu tangu mvua ile hadi mkono alioupapasa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka kwa mdomo. Alishangaa yalivyokuwa machache. Dakika tatu zilitosha.

Mchomvu hakumkemea. Aliuliza nani mwingine anajua. Akaambiwa hakuna.

"Basi nisikilize," alisema. "Kule barazani kuna watu ambao tangu mwanzo walitaka ushuhuda wa wenyeji uondolewe. Wanasema wazee hawapimiki. Ukisema msikilizaji mmoja alitunga, hawatauliza ni yupi. Wataufuta ushuhuda wa mashahidi wote, mia nne na kumi na wawili. Wengi wameshakufa, Nakiete. Hakuna wa kumrudia. Kuna vijiji ambavyo leo vinasimama kwa neno la mtu aliyekwisha kuzikwa." Akavuta pumzi. "Ukiandika kwamba shahidi mmoja alikosea, ni mzee mmoja aliyekosea. Kanuni inabaki. Mikwambala itakatwa vilevile, deni la kijiji litasamehewa vilevile. Huyo mama ana miaka mingapi?"

Nakiete alitaja.

"Hatapoteza kitu," Mchomvu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejilazimisha.

Nakiete alimshukuru na kukata simu. Jambo lililomtia aibu zaidi, alivyokumbuka baadaye, ni kwamba alijisikia mwepesi. Hoja ilikuwa na uzito. Alikuwa amepewa sababu safi ya kutenda kile alichotaka kutenda kwa sababu chafu. Alifungua fomu, akaliangalia neno shahidi, akaweka kidole mahali pa sahihi.

Hapo Elirehema akatokea, amefuata njia ya nyuma. Alikuwa amebeba ndoo tupu, lakini hakuwa anakwenda kuteka maji. Aliiweka chini, akasimama mbele ya Nakiete na mikono imefumbatwa.

Alisema anataka kuuliza jambo, kwa kuwa Nakiete amesoma. Alisimulia kwamba mama mkwe wake alikuwa na nyumba yake mwenyewe upande wa pili wa korongo, na mbuzi kumi na mmoja, na hakuwahi kumtegemea mtu. Mashine ilipowasomea ule ushuhuda, miaka mitatu iliyopita, alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye asingesema hivyo. Wakausoma tena. Wakamwonyesha jina lake, tarehe, na jina la msikilizaji. Akaketi. Tangu hapo hakubisha tena. Mwezi uleule aligawa mbuzi, akafunga nyumba, akaja kuishi kwake. Alisema kichwa chake hakifai, asije akaacha moto ukaunguza watu. Jioni humwomba Elirehema amfungie mlango kwa nje asije akatoka akapotea.

"Hajawahi kupotea hata siku moja," Elirehema alisema. "Anakumbuka majina ya mbuzi wote aliowahi kufuga. Anakumbuka mahari yangu ilivyoletwa, nani alichelewa, nani alilewa. Viatu vyako umemsikia. Sasa nieleze, ni ugonjwa gani huo unaokula sentensi moja ya zamani na kuacha mengine yote?"

Nakiete aliondoa kidole kwenye fomu. Elirehema alimwangalia usoni kwa muda, na Nakiete aliona jinsi macho yale ya kuchoka yalivyobadilika taratibu, kama mtu anayemtambua aliyekuwa anamtafuta. Akaokota ndoo yake.

"Mkutano ni saa kumi," alisema. "Nitamleta."

*

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, wapata mia moja na hamsini, wanawake upande mmoja juu ya kanga zao, wanaume kwenye mabenchi yaliyotolewa darasani. Senzia alifungua kwa kusema kwamba Taasisi imeleta mtaalamu, na kwamba atasoma matokeo. Niendiwe alikuwa nyuma kabisa, ameshikwa mkono na mkwe wake. Pembeni yake palikuwa na nafasi. Nakiete aliiona nafasi ile, ya watu wanne au watano, na hakuna aliyeijaza ingawa wengine walikuwa wamesimama juani.

Alisimama. Alikuwa ameandika maneno kwenye kompyuta, ya kupanga vizuri, yenye mwanzo wa pole na maelezo juu ya uchanga wake wakati ule. Aliyatazama akaona jinsi yalivyoandikwa vizuri, akaizima.

Alisema kwamba maneno ya mteremko wa kumi na saba hayakusemwa na Bibi Niendiwe. Aliyaandika yeye, Nakiete, akiwa Same, kwenye nyumba ya wageni, peke yake. Hawakuwahi kufika mteremko ule pamoja. Wala wa kumi na nane, wala mingine yote hadi ishirini na tisa. Bibi hakukosea kitu, kwa sababu hakuulizwa.

Watu hawakupiga kelele. Ulikuwa ukimya wa watu wanaohesabu. Kila mmoja alikuwa anakumbuka shamba lake liko mteremko upi, na Nakiete aliona vidole vikihesabu mapajani. Mwanamume mmoja mbele aliuliza kwa upole kuhusu wa ishirini na mbili. Akamjibu kwamba huo pia ni wa kutunga. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akainama akakaa hivyo. Senzia alikuwa amesimama na mdomo wazi kidogo. Kisha akageuka kutazama nyuma, na watu wote wakageuka naye.

Niendiwe alikuwa ameachia mkono wa mkwe wake. Alipita katikati ya watu polepole, wakampisha, hadi akafika hatua mbili mbele ya Nakiete.

"Kwa nini?" aliuliza.

Nakiete alitafuta sababu iliyolingana na kile kilichotokea. Hakuipata.

"Nilichoka, Bibi."

"Ungeandika kwamba hatukufika."

"Wangeniambia nirudi."

"Ungerudi," Niendiwe alisema. "Nilikuwepo. Nilikuchemshia mihogo ya njiani nikakungoja siku tatu." Sauti yake sasa ilitetemeka, na haikuwa kwa uzee. "Miaka mitatu namuuliza huyu mkwe wangu kama nimetia chumvi kwenye mboga. Naionja mwenyewe, naisikia chumvi mdomoni, halafu namuuliza. Na leo asubuhi nimekuomba radhi. Umekaa mbele ya kigoda changu ukanisamehe."

Nakiete alianza kulia. Alijua kwamba hakuwa na haki ya kulia pale, akajitahidi kujizuia, akashindwa.

"Usinililie hapa," Niendiwe alimwambia. "Nenda ukalie huko."

Kisha akamgeukia Elirehema akamtaka ufunguo wa nyumba yake. Elirehema aliufungua kutoka kwenye pindo la kanga, alikokuwa ameufunga kabla ya kuja. Niendiwe akauchukua na kuondoka uwanjani. Watu wawili watatu walinyanyuka kumsindikiza. Akawakatalia kwa mkono. Alishuka korongoni peke yake, akapanda upande wa pili, na kijiji kizima kikabaki kimesimama kumtazama hadi alipofika mlangoni kwake na kufungua.

*

Mambo yalikwenda karibu kama Mchomvu alivyotabiri. Nakiete alifukuzwa kazi kabla ya mwezi kwisha, naye hakukata rufaa. Baraza lilisimamisha kanuni ya ushuhuda katika wilaya zote. Kwa msimu mzima wa vuli Mshauri alinyamaza, na katika vijiji ambavyo havikuwa na hatia yoyote watu walipanda kwa kubahatisha au hawakupanda. Mfuko wa Ardhi ulifuta deni la Ighambo, lakini ukazuia unga mahali pengine pengi hadi ukaguzi uishe. Mchomvu alimtumia ujumbe mmoja tu. Ulisema: Umesema kweli, na sitaki tuonane. Nakiete aliuhifadhi. Hakuona kosa ndani yake.

Ukaguzi uliamua kwamba ushuhuda usifutwe, ila kila shahidi aliye hai asikilizwe upya, na wa waliokufa uwekewe alama ya kutothibitishwa. Kati ya mashahidi mia nne na kumi na wawili, walio hai walikuwa sitini na mmoja.

Nakiete alirudi Ighambo mwezi wa kwanza, bila kuitwa. Mikwambala ya juu ya chemchemi ilikuwa inakatwa, lakini maabara ilikuwa imeuzalisha mti mkaidi, ukikatwa ulichipua ndani ya wiki. Ilibidi kila kisiki kichimbuliwe hadi kwenye shina la mzizi. Alimwomba Senzia ampe kazi. Senzia alifikiri, akasema hawezi kumzuia mtu kuchimba, akamwonyesha safu. Alipanga chumba kwa mwalimu wa shule. Hakuna aliyemsumbua. Wanawake waliochimba safu za jirani walizungumza wao kwa wao, na kiangazi kilipopamba moto mmoja wao alianza kumwachia maji ya kunywa kwenye kopo, bila kusema kitu.

Niendiwe ndiye aliyesimamia uchimbaji. Alipita kila asubuhi na fimbo yake akiwaonyesha watu mzizi umekwenda upande gani, na mara nyingi alipatia kabla jembe halijagusa. Nakiete alimwamkia kila siku. Alisema shikamoo, Bibi, akasimama na kichwa kimeinama, na kila siku yule mzee alipita bila kuitikia. Katika nchi ile watu huitikia shikamoo hata ya adui. Waliokuwa karibu walijifanya wanakung'uta udongo kwenye majembe.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha vizuri, na chemchemi ikatoa maji ya kufika kifundoni. Haikuwa kama zamani. Wanawake walikwenda kuitazama, wakarudi kuchimba.

Mwezi huohuo Taasisi ilimleta msikilizaji mpya, mwanamume wa makamo aitwaye Sangiwa, aliyekuwa mpima ardhi kabla ya hapo. Alitembea na Niendiwe wiki tatu, mteremko kwa mteremko, kwa hatua za mtu wa miaka themanini na mmoja, na kila alichoandika alimsomea papo hapo. Asubuhi moja walisimama kwenye ukingo juu ya safu aliyokuwa anachimba Nakiete. Walikuwa wanautazama mteremko wa ng'ambo, wa ishirini na sita, ule mwembamba unaoelekea Makanya. Sangiwa aliuliza mti gani ulikuwa ukikaa pale zamani, na maji yake yalikwenda wapi.

Niendiwe aliutazama muda mrefu. Aliweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akaushusha.

"Ule siujui," alisema. "Sikuwahi kuchoma mkaa upande ule."

Sangiwa aliandika, kisha akamsomea: hajui, hakuwahi kufanya kazi upande ule. Niendiwe akasema ndiyo, ni hivyo. Wakaendelea mbele.

Ndani ya shimo, Nakiete alikuwa amesimama na jembe mkononi. Aliipitia akilini ile miteremko kumi na mitatu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali. Katika kurasa zile zote hakumpa yule mama nafasi hata moja ya kusema sijui. Mti aliokuwa anauchimba ulikuwa bado umeshika. Akapiga magoti, akaanza kuondoa udongo kwa mikono.